Ng'ombe Niliyemlipa Mguu kwa Mguu

Kama gazeti la juma lililopita lilikupita, nitakupa yaliyotangulia kwa maneno machache, maana maiti iko sebuleni kwangu na maiti haijui kungoja.

Mimi ni Mbusa, mfanyabiashara wa Kitshanga, mzaliwa wa Butembo. Ulinikuta na duka la mabati. Bei zikalitafuna mpaka likawa meza, na ile meza yenyewe upande mmoja nimemkodishia fundi wa simu. Zamani nilikuwa nateremsha chumvi hadi Walikale kwa wachimba madini, nikirudi na mfuko umevimba. Barabara ikafungwa, nauli ya lori ikapanda, benki za Goma zikafunga milango, nikabaki nauza chumvi kwa kijiko. Hayo ulishayasoma.

Ulisoma pia kwamba mke wangu, Libérata, alianguka jikoni akiwa ameshika mwiko, na Jumapili, watu wakiwa misani, akafia kwenye kituo cha afya. Muuguzi alisema damu ilikuwa imemwishia mwilini.

Niliishia pale kaka yake mkubwa, Constantin, alipoingia kutoka Burungu na wanaume wa ukoo wao. Walivua kofia, wakalia kama ndugu wanavyolia. Halafu Constantin akatoa kamba ya ng'ombe chini ya koti, akailaza juu ya jeneza.

"Shemeji," aliniambia, "sisi hatukukuja na makelele. Lakini dada yetu hatatoka mu hii nyumba mpaka hii kamba ipate ngombe yake."

Sasa sikiliza deni lenyewe lilivyokuwa.

Nilipomwoa Libérata tulipatana mbuzi, na ng'ombe wawili. Mbuzi nilitoa. Ng'ombe wa kwanza nilimtoa mwenye pembe na mkia, nikamswaga mwenyewe kupanda kilima, vijana wa Burungu wakinicheka, maana mtu wa duka na ng'ombe ni wageni wawili njiani. Wa pili, baba mkwe, Mungu amlaze pema, aliniambia nisijisumbue. "Huyu utalipa polepole. Mali ya muke haiishake."

Mimi, kwa akili yangu ya duka, nikauliza bei ya ng'ombe siku ile. Dola mia mbili. Nikajiambia ng'ombe ana miguu minne, basi nitamlipa mguu kwa mguu. Kila mguu dola hamsini.

Mguu wa kwanza nilipeleka siku Kétsia, mtoto wetu wa pekee, alipobatizwa. Wa pili alipopata komunyo. Wa tatu mwaka ule volkano ilipotema moto Goma. Wa nne nimeupeleka Bonane hii iliyopita, siku ya Mwaka Mpya. Kila mara nilifuata desturi yao: mkwe hamkabidhi shemeji pesa mkononi. Nilimpa Libérata, naye akapeleka kwa shangazi yake, Mama Annonciata, na shangazi akawapa wanaume.

Mimi ni mtu wa neno. Tulisema miguu minne, nimetoa minne. Kwa hiyo nilipoiona ile kamba juu ya mke wangu, niliwaka.

"Miguu yote nililipa!" nikasema mbele ya watu wote wa kilio. "Ao umesahau, Constantin?"

"Sikatae. Ulilipa miguu ine," akajibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Lakini ni miguu ya ngombe mbalimbali, shemeji. Ile ya kwanza ililala mu mufuko ikingojea ya pili. Ya pili ilipofika, ya kwanza ilishakuwa kwato tu. Ya tatu ilipofika, ya pili ikakuwa mukia. Leo unganisha yote tuone kama itasimama."

Wanaume walicheka kidogo, kisha wakakumbuka wako wapi.

"Tulipatana bei."

"Tulipatana ngombe! Bei ni wewe njo uliipenda. Nikuulize: mutu akuje ku duka yako, akulipe robo ya mufuko wa chumvi leo, robo mwaka ujao, robo mutoto yake akikuwa mukubwa. Kisha akuje na lori kubeba mufuko. Utamupatia?"

 Mteja wa namna hiyo nilishamfukuza, tena kwa matusi.

"Na ngombe isipopatikana?"

Constantin alitazama chini. "Leo jua likizama bila ngombe, tunabeba dada yetu. Atalala ku Burungu kando ya baba, kama binti mwenye hakuolewa. Na Kétsia tutaenda naye. Mutoto wa mahari yenye haikuisha ni wa bajomba yake. Siyo mimi njo nilianzisha hiyo."

Kétsia alikuwa mlangoni mwa jikoni na sinia mkononi. Ana miaka kumi na nane, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na mtihani wa serikali uko karibu.  Mama Annonciata naye, aliyekaa kichwani pa jeneza na rozari yake, alikuwa ameacha kusali. Alinitazama tu, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Hayo yote yalikuwa Jumatano asubuhi. Lakini kabla sijaendelea, kuna jambo ambalo sijamwambia hata katekista.

Libérata alikuwa redio yangu. Kila asubuhi, kabla sijamaliza chai, alikuwa ameshafika pale malori yanapolala, amewauliza madereva bei za Goma, amerudi. Hakuwa na subira ya kuingia ndani. Alinitangazia akiwa bado nje, akipita kando ya ukuta: "Chumvi imepanda! Mafuta imepanda! Sukari imekaa!" Nami nikabadilisha bei kabla ya mteja wa kwanza. Miaka yote hiyo sikuwahi kwenda mwenyewe.

Jumatatu, siku moja baada ya kufa kwake, nilikuwa nimekaa mbele ya jeneza na kikombe mkononi. Nikasikia kando ya ukuta: "Chumvi imepanda."

Nilidhani ni mwombolezaji mwenye mzaha mbaya. Nikatoka mbio. Nje kulikuwa na kuku, na majani ya mikaratusi tuliyoleta kwa ajili ya harufu. Basi. Nikaenda sokoni. Chumvi ilikuwa imepanda.

Jumanne saa ileile: "Mafuta imepanda." Sikutoka. Nilituma mtu sokoni, akarudi akaniambia mafuta yamepanda. Niliuliza waliolala sebuleni kama kuna aliyesikia sauti. Hakuna.

Mimi si mtu wa mizimu. Mfanyabiashara anaogopa bariere za barabarani na mvua, basi. Lakini nakuambia ukweli, Jumatano nilikaa na kikombe kitupu nikiisubiri ile sauti, na niliiogopa kama mtoto. Ikaja. Ilikuwa imechoka, sauti ya mtu aliyetembea mbali.

"Ngombe," ilisema. "Mia saba."

Saa hiyohiyo Constantin na wenzake wakaingia kunipa masharti ya siku, kama nilivyokueleza.

Sikuwa na mia saba. Nilikuwa na meza. Nikaenda kwa Mama Vestine, jirani yangu wa soko anayeuza mchele, nikamwambia achukue vyote: chumvi, sabuni, mafuta, mizani, meza, na mabati ya lile duka la zamani niliyokuwa nimeyaficha nyuma ya nyumba kwa matumaini. Mama Vestine alinunua akilia. Machozi yalikuwa ya kweli, na bei aliyonipunguzia ilikuwa ya kweli vilevile.

Nikashuka soko la ng'ombe na pesa ndani ya soksi.

Pale nina rafiki mmoja, Déo. Tulikula vumbi pamoja kwenye njia ya Walikale, mimi na chumvi, yeye na ng'ombe wake. Mkewe alifariki zamani kidogo, na mimi ndiye niliyebeba msalaba mbele ya jeneza lake. Nikamkuta amesimama kati ya ng'ombe wake na fimbo begani. Aliponiona, fimbo ilimteleza.

"Kaka Mbusa. Pole sana. Nilipaswa kuwa nimeshakuja ku kilio, lakini..." Hakumaliza.

"Nataka ngombe, Déo. Leo. Hata yenye kukonda, bora itembee."

Alitazama ng'ombe, akatazama mbali, akatazama viatu vyangu.

"Mia saba."

Ni bei ileile ya ukutani. "Juzi si ilikuwa chini ya hapo?"

"Juzi ni juzi, kaka. Bariere zimeongezeka, kila mahali banakata yao. Ngombe inapanda bei ikiwa inakula majani."

Nikavua kiatu, nikatoa soksi, nikampa. Déo alihesabu polepole. Ilikuwa mia tano na ishirini na tano. Duka langu zima, tangu mizani hadi mabati, maisha yangu yote ya kuamka mapema.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "hii ni miguu tatu."

Mnunuzi mmoja aliyekuwa karibu alisikia, akapasuka kwa kicheko. "Muzee atapeleka ngombe ya kuchechemea!"

Nilimshika Déo mkono. "Niongezee hii ingine. Ni mimi na wewe. Nitarudisha, unanijua."

Alizirudisha pesa ndani ya soksi, noti moja moja. Mwishoni akanirudishia soksi yangu.

"Usihangaike. Ngombe itafika. Rudi ku nyumba."

"Itafika kutoka wapi? Kutoka mbinguni?"

"Rudi ku nyumba, kaka." Akanigeuzia mgongo na kuanza kuwapigia ng'ombe mluzi.

Kweli, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Njia nzima nilimlaani Déo kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuchapa.

Nilipokuwa napanda kurudi, nilianza kufikiri. Mwaka tuliooana, vitu vilivyokuwa dukani mwangu vingenunua ng'ombe wa kujaza zizi. Leo vyote pamoja haviingii ndani ya ng'ombe mmoja. Na sikuibiwa. Duka halikuungua. Sikunywa pombe, sikucheza kamari, sikuongeza mke. Niliamka kila siku nikauza, nikanunua, nikauza, na kila niliporudi kununua nilipata kidogo kuliko nilichouza. Watu wanasema tutazoea. Wanasema bei itashuka. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: hata dola iliposhuka, wenye maduka, nikiwemo mimi, tulijifanya hatukusikia. Nilikuwa nakula na kuliwa kwa wakati mmoja, na sikujua ni nani hasa aliyekuwa anatangulia kuliwa.

Nilijua nilipofika nyumbani.

Nilimwaga pesa mbele ya Constantin. "Chukua. Ndivyo vyote nilivyo navyo duniani."

Hakuzigusa. "Shemeji, franga ulishatuletea miaka yote. Franga inakufa njiani. Mimi nilisema ngombe."

"Ni duka langu hili!"

"Ninaona. Na ninakuhurumia, Mungu ni shahidi. Lakini nikienda na hii, bandugu bataniuliza ngombe iko wapi, nitabaonyesha soksi?" Akageuka. "Kétsia, mutoto wa dada yangu, tayarisha nguo zako."

Nilimwambia Kétsia asisogee. Constantin alimwambia asogee. Vijana wa Burungu walisimama, na majirani zangu wakasimama. Mama mmoja akaanza kulia upya, safari hii kwa woga.

"Constantin, kaa chini," Mama Annonciata akasema.

Alikuwa ameinuka. Ni mwanamke mfupi, lakini Constantin alikaa.

"Baba Kétsia," aliniuliza, "kila muguu ulitoa ngapi?"

"Hamsini, Mama."

"Yote?"

"Yote. Ndivyo tulivyopatana."

Constantin alinikunjia uso. "Hapana. Unajidanganya. Ya kwanza njo ilikuwa hamsini. Ya komunyo ilikuwa mia. Ya mwaka wa volkano, mia na makumi tatu. Ya Bonane, mia na makumi saba. Mimi njo nilipokea. Hata nikasema ku Burungu, ule Mbusa iko mutu wa haki, anafuata bei ya soko. Iko inachelewa tu."

Nilimtazama nikidhani ananichezea. Hakuwa anacheza.

"Sikutoa hizo," nikasema.

"Sasa nani alitoa?"

Mama Annonciata aliweka mkono juu ya jeneza. "Ni huyu."

 Nikasikia moto wa jikoni unavyopasua kuni.

"Alitoa wapi?" nikauliza. "Libérata hakuwa na biashara. Hakuwa na shamba. Hakuwa na kitu."

"Alikuwa na franga yenye ulikuwa unamuachia ya chakula." Shangazi hakupaza sauti. "Mwanangu, saa ya kula, bibi yako alikuwaka anakwambia amekulia wapi?"

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, tayari, kwa sababu nililisikia maelfu ya mara. Alikuwa akitenga sahani mbili, yangu na ya Kétsia. Kisha anakaza kitenge kiunoni na kusema, "Mimi nilishakula ku soko." Na mimi nilikuwa nakula. Nilikuwa nakula nikiwa nahesabu mauzo, wala sikuinua macho.

Pesa ya chakula yenyewe niliipandisha mara moja tu tangu Kétsia aanze shule. Nilikuwa najua bei ya kila kitu sokoni, lakini hiyo sikuijua. Damu ilikuwa imemwishia mwilini, alisema muuguzi, nami nikadhani ni ugonjwa.

Nilitaka kufa. Siandiki hivi kuipamba hadithi. Nilitaka ardhi ya sebule ile inifunike pamoja naye. Nililia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu.

"Nilimukataza," Mama Annonciata aliendelea. "Nilimuambia, wewe unajikausha juu ya nini? Akanijibu, 'Sitaki bandugu yangu bazarau bwana yangu. Yeye ni mutu wa neno. Ni neno yake tu njo inabakia nyuma ya bei, na mimi ninaisukuma kidogo.' Akaniapisha nisiseme."

Constantin alikuwa ameshika kichwa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Shangazi. Ile mia ya komunyo, nilinunua nayo mabati. Ile ya volkano, nililipa minerval ya masomo ya batoto. Ni kusema mimi nilikula chakula ya dada yangu?"

 Nilimchukia mtu huyu tangu asubuhi, na sasa tulikuwa wawili, tumekaa pande mbili za jeneza, tumekula sahani moja.

Akainuka, machozi yakimtiririka, akanyoosha mkono aiondoe kamba. "Imelipwa. Tumuzike."

Nikavuta pumzi. Nilidhani yamekwisha.

"Acha hapo," alisema Mama Annonciata.

"Shangazi, ngombe ilishaisha!"

"Iliisha na nani? Ni bwana njo alilipa? Sasa njo mambo iko mubaya zaidi." Aligeuka atuone sote. "Muke hajilipiake mahari. Haijaonekana. Mwenye kujilipia, akikufa, ku bwana hana kwake, ku baba hana kwake. Anabakia ku njia. Anatembea. Nilinyamaza siku hizi zote nikisema pengine Mbusa ataleta ngombe, mambo ipite bila kuisema. Ningeisema mapema ningekuwa nimemuharibishia jina."

Nilimsogelea shangazi. "Mama, mwenye kubaki njiani... anasemaka?"

Watu wote walinigeukia.

"Ulisikia nini?" aliuliza.

"Bei," nikasema. "Kila asubuhi, kando ya ukuta. Ananitangazia bei."

Mama Annonciata alipiga ishara ya msalaba. Wanawake waliokuwa karibu na dirisha wakasogea mbali nalo. Constantin, mwanaume mzima wa vilima, alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

"Bado yuko kazini," shangazi alinong'ona. "Masikini mutoto yangu, bado anatafuta bei ya kumutosha. Mbusa, sikia vizuri. Franga haiingie tena mu hii mambo. Ni ngombe nzima, ya kutembea na miguu yake, yenye kutoka ku mukono wa hii nyumba, leo, mbele ya jua kuzama. Hapo atakuwa bibi ya mutu, atapumzika. Bila ile, hata ukimuzika ku Roma, kesho asubuhi utamusikia."

Nilitazama zile dola sakafuni. Miguu mitatu. Nilitazama nje: jua lilikuwa limeshaelekea upande wa Mweso, na baridi ya vilima ilikuwa imeanza kushuka. Mlima hadi mlima hakuna mtu ambaye angenipa mguu wa nne.

"Koko," Kétsia aliita.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule. Alimwita shangazi wa mama yake, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Hakuwa analia, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

"Ile ya Bonane haikutoka kwa mama."

"Unasema nini?" nikamuuliza.

"Wakati ule mama alishakuwa mugonjwa, Papa. Hakuwa na kitu cha kuongeza tena. Ulimupa ile hamsini, akalia nayo siku mbili mu jikoni. Alisema bajomba bataona muguu wa mutoto wa mbuzi, bataanza kukucheka." Akakaza kitenge kiunoni. "Mimi njo nilienda kutafuta ile ingine. Nikamudanganya mama ni musaada wa paroisse, wa kanisa yetu."

"Kétsia. Ulienda kuomba kwa nani?"

"Sikuiba, Papa. Na hakunigusa, usifikirie mubaya. Aliniambia franga haitarudishwa. Aliniambia atangoja nimalize mutihani, kisha atakuja kwako na ngombe kama mutu wa heshima. Nikakubali." Sasa ndipo alipolitazama jeneza. "Leo asubuhi ulipotoka kutafuta ngombe, nilimutumia ujumbe ku simu. Nilimuandikia asingoje mutihani."

Nilitaka kumuuliza jina. Sikuhitaji.

Huko nje, mbele ya lango letu la mbao, ng'ombe alilia. Si sauti ya kando ya ukuta. Ng'ombe wa kweli, mwenye pumzi, anayekwaruza ardhi kwa kwato. Watu walikimbilia mlangoni na mimi nikasukumwa pamoja nao.

Alikuwa mtamba mwekundu, mnene, mwenye paji jeupe. Kando yake alisimama Déo, katika shati jeupe lililopigwa pasi, kofia ameishika kifuani kwa mikono miwili. Tangu tulale pamoja chini ya lori njia ya Walikale, mtu huyu hajawahi kuniita jina jingine ila kaka.

"Hodi hapa, baba mukwe," alisema, na macho yake hayakuweza kupanda juu ya viatu vyangu. "Nilileta ngombe. Ukiipokea mu mikono yako, ni yako. Utaipatia mwenye unataka."

Constantin alinitazama. Mama Annonciata alinitazama. Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya kilima, na nyuma yangu, sebuleni, Libérata alikuwa anangoja nimfanye mke wa mtu.

Kétsia alitupita sote. Alitembea wima kama mama yake alipokuwa akienda kuuliza bei, akafika langoni, akaweka mkono kwenye komeo, ndipo akanigeukia.

"Papa," alisema, "nifungue?"